Nunua H3, lakini usiifunge kama ilivyo

Msomaji wa Houston, Texas, ameniuliza hivi. Nimefupisha kidogo:

"Shikamoo mzee. Nimenunua karabini ya AR-15, mtutu inchi 16, mfumo wa gesi ule mfupi wa karabini, risasi 5.56. Nikipiga, maganda yanarushwa mbele kabisa upande wa kulia, na baadhi yana mikwaruzo kwenye ukingo wa nyuma. Halafu kuna pigo la pili: risasi inatoka, kisha ni kama kitu kingine kinanigonga bega. Rafiki yangu wa kiwanja cha shabaha anasema niweke bafa ya H3 mambo yatulie. Mwingine anasema H2. Iliyomo ndani haina alama yoyote. Nichukue ipi? Na je, nikienda likizo naweza kumpelekea binamu yangu Nairobi moja?"

Marahaba mwanangu. La binamu tulimalize kwanza: hapana. Kutoa vipuri vya bunduki nje ya Marekani kwa kawaida kunahitaji kibali cha serikali, hata kama ni kipande kinachoingia mfukoni, na sheria ya silaha ya Kenya hairuhusu raia kumiliki bunduki ya kijeshi ya kujipakia ya 5.56. Binamu mpelekee viatu.

Sasa bafa, kile kipande kizito kinachokwenda na kurudi ndani ya kitako. H, H2 na H3 ni madaraja ya uzito wake. Jibu langu litakushangaza kidogo: nunua H3, lakini usiifunge kama ilivyo. Na kabla hujaifungua hata hiyo bahasha, kuna kazi ya nusu saa ya kufanya kwa turubai na mizani ya jikoni. Nikiulizwa nikisie utaishia wapi, ningesema H2. Lakini bunduki haifuati makisio yangu, inafuata ukubwa wa tundu lake la gesi, na hilo sijaliona.

Jina la kifaa hiki linawapoteza watu wengi. Wakisikia bafa wanafikiri ni mto uliokaa nyuma ya kitako ukisubiri kupokea kishindo. Sivyo. Ukifyatua, risasi ikishapita tundu dogo lililotobolewa juu ya mtutu, sehemu ya gesi inaingia kwenye kibomba chembamba, inarudi nyuma na kukisukuma kibebeo cha bolti, lile komeo linalofunga nyuma ya risasi. Bolti inajizungusha na kufunguka, ganda linavutwa, nyundo inakokiwa, na mzigo wote unazama kwenye bomba lililo ndani ya kitako. Bafa imeegemeana na kibebeo tangu mwanzo wa safari hiyo na inakwenda na kurudi pamoja nacho, huku springi ikiwapinga wote wawili. Kwa hiyo kazi yake kubwa ni kuwa mzigo. Kisigino chake cha plastiki ngumu ndicho kinachogonga ukuta wa nyuma wa bomba, na kikigonga kwa kasi kubwa, hilo ndilo pigo lako la pili.

Itoe bafa yako uitikise karibu na sikio. Utasikia chaka, chaka. Ndani ya ganda lile la alumini kuna vipande vitatu vya chuma vinavyoteleza, na kati yao vibati vidogo vya mpira. Havikuwekwa huru kwa bahati mbaya. Kibebeo kinaporudi mbele na kugonga, kinataka kudunda nyuma kidogo kama mpira. Vipande vile vinafika kwa kuchelewa, na pigo lao la kuchelewa linakibana kibebeo mahali pake. Kwenye silaha ya jeshi inayopiga mfululizo jambo hili ni kubwa, maana nyundo inaweza kuanguka wakati bolti bado inadunda. Kwenye yako ya kupiga moja moja si kubwa hivyo, ila ukikutana na bafa isiyotoa mlio wowote, ujue ama vipande vimenata kwa mafuta au ndani mmewekwa kitu kingine.

Bafa ya kawaida ya karabini ina uzito wa kama aunsi 3, yaani gramu 85. Vipande vyote vitatu ni chuma. Ukitoa kimoja ukaweka cha tungsteni, metali nzito kuliko chuma, unapata H, aunsi 3.8 au gramu 108 hivi. Viwili vya tungsteni ni H2, karibu gramu 131. Vyote vitatu ni H3, karibu gramu 153. Watengenezaji wanapishana kwa gramu chache. Hakuna siri nyingine kwenye herufi hizo. Ganda ni lile lile, urefu ule ule wa milimita 83, tofauti ni nani amekaa ndani.

Ndiyo maana nakwambia ununue H3. Utakuwa na vipande vitatu vya tungsteni kutoka mpya na vitatu vya chuma kutoka yako ya zamani, na kwa kubadilishana tu unajitengenezea bafa zote nne. Ukinunua H leo, H2 mwezi ujao na H3 mwezi wa tatu, umemnufaisha mwenye duka. Hakikisha tu kabla ya kulipa kwamba ni ile inayofungwa kwa pini, kwa sababu zipo zilizozibwa moja kwa moja, na zipo zenye vipande vya vipimo vyao wenyewe.

Sasa hesabu, kwa kuwa hapa ndipo marafiki wa kiwanjani hupotoshana. Kutoka gramu 85 hadi 131 ni ongezeko la zaidi ya nusu, na ukiipima mkononi unaiona kweli nzito. Lakini bafa haisafiri peke yake. Kibebeo pamoja na bolti yake kina kama gramu 326. Mzigo wote unaokwenda nyuma, ukiacha springi, ulikuwa gramu 411 na sasa umekuwa 457. Hiyo ni asilimia 11 tu. Msukumo wa gesi ukiwa ule ule, kasi ya kibebeo inapungua kwa kama asilimia 10. Na H3? Gramu 479, ongezeko la asilimia 16 au 17. Hatua ya mwisho, ya kutoka H2 kwenda H3, inakupa kitu kama asilimia 5. Hii ndiyo sababu siamini hadithi za mtu aliyeweka H3 na "bunduki ikawa kama ya watoto".

Tena kuna jambo ambalo bafa haiwezi kulifanya hata ikiwa ya dhahabu: kupunguza jumla ya msukumo unaoingia begani. Risasi na gesi zinakwenda mbele, bunduki inakwenda nyuma, na deni hilo lazima lilipwe lote. Bafa nzito inabadilisha jinsi linavyolipwa. Badala ya kulipwa kwa pigo moja kali mwishoni mwa bomba, linagawanywa kwa muda mrefu zaidi kidogo. Bega linaona nafuu, na nukta ya shabaha inarudi mahali pake kwa utulivu zaidi. Ukizidisha, mzigo mzito unaporudi mbele unaichovya ncha ya mtutu chini kila baada ya risasi. Utaona alama yako kwenye darubini inashuka kisha inapanda. Wengi huliona hilo wakadhani ni mkono wao.

Tatizo lako, kwa maelezo uliyotoa, lina harufu ya gesi nyingi. Mtutu wa inchi 16 wenye mfumo mfupi una tundu la gesi inchi 7 hivi kutoka kwenye chemba, yaani chumba risasi inamokaa kabla ya kufyatuliwa. Risasi ikishalipita, bado ina inchi nane na zaidi za kusafiri ndani ya mtutu, na muda wote huo gesi inaendelea kusukumwa kwenye kibomba. Juu ya hapo, viwanda vingi hutoboa tundu kubwa kuliko linalohitajika. Simlaumu sana mtengenezaji. Anajua kuna mnunuzi atakayetumia risasi dhaifu za bei ya chini kabisa, kwenye bunduki ambayo haijaona mafuta tangu siku ya kununuliwa, na ikikwama atairudisha. Tundu kubwa linamwokoa na simu hizo. Karabini ya kijeshi ya M4 ina tundu la kama milimita 1.6. Mimi nimefungua za kiraia nikakuta milimita 2. Masikio yanasikia tofauti ndogo hapo, lakini eneo la tundu linakwenda kwa mraba: la milimita 2 lina eneo kubwa kwa zaidi ya nusu kuliko la 1.6. Kwa bunduki kama hiyo bafa ni kufunga mdomo wa mtu anayekohoa.

Na kisa hiki ni cha zamani kama bunduki yenyewe. M16 za mwanzo zilizokwenda Vietnam hazikuwa na bafa ya vipande vinavyoteleza. Jeshi la Marekani likabadilisha aina ya baruti kwenye risasi, kasi ya ufyatuaji ikapanda, vipuri vikaanza kuvunjika na bunduki kukwama mikononi mwa askari. Kufikia 1967 bafa mpya, nzito, yenye vipande ndani, ilikuwa inafungwa. Lakini haikutosha peke yake. Ilibidi chemba zipakwe kromu, askari wapewe vifaa vya kusafishia na wafundishwe kuvitumia, na baruti yenyewe ifuatiliwe. Ile bafa yako inayosema chaka, chaka ni mjukuu wa kisa hicho.

Turudi kwenye turubai. Nenda kiwanjani siku yenye watu wachache, tandika turubai kuanzia mbele yako hadi nyuma upande wa kulia, na ufikirie umesimama katikati ya uso wa saa, mtutu ukielekea namba 12. Nasema namba iliyochapwa kwenye uso wa saa. Ukihesabu kwa saa zetu za Kiswahili ganda litaonekana limeruka alfajiri. Piga risasi 20 za aina moja, taratibu, kisha uhesabu maganda yalipoangukia. Mengi yakiwa kati ya namba 1 na 2, kibebeo kina kasi kupita kiasi. Kati ya 3 na 4 na nusu ni afya. Yakianza kuangukia baada ya 5, karibu na kisigino chako, kibebeo kimechoka, kinarudi kwa uvivu. Dalili hii haijitoshelezi, kwa sababu springi ndogo inayorusha ganda ikiwa mpya na kali, au lile pembe la kukinga maganda likiwa na umbo tofauti, picha inabadilika. Ndiyo maana nataka uokote maganda uyaangalie. Ukingo wa nyuma uliokwanguliwa, au mahali ambapo kucha ya bolti imeng'oa shaba kidogo, ni ushahidi kwamba ganda lilivutwa wakati bado limeshikwa na shinikizo ndani ya chemba. Hilo pamoja na maganda kwenye namba 1 ni kesi iliyokamilika.

Kuna kosa moja la kusoma dalili ambalo limewagharimu wateja wangu pesa nyingi. Bolti ikipita juu ya risasi inayofuata bila kuichukua, au ikikataa kubaki wazi magazini inapoisha, wengi hukimbilia kusema gesi haitoshi, wanaweka bafa nyepesi, na hali inakuwa mbaya zaidi. Mara nyingine ni kinyume chake. Kibebeo kinakwenda haraka mno kiasi kwamba springi ya magazini haijawahi kuinua risasi, au kishikio cha kuizuia bolti ibaki wazi hakijawahi kupanda, na bolti imesharudi. Utatofautishaje? Angalia ganda lililotangulia. Likiwa limerushwa mbele kwa nguvu, una kasi nyingi. Likiwa limedondoka dhaifu nyuma, au limenaswa limesimama kwenye dirisha la kutolea maganda, una kasi ndogo.

Kabla ya kugusa bafa, pima springi. Toa risasi zote, vuta bolti, ingiza kidole kwenye chemba uhakikishe ni tupu, kisha ufungue bunduki. Ukitazama ndani ya mdomo wa bomba utaona kipini kidogo kinachoizuia bafa. Kibonyeze kwa bisibisi huku kiganja kingine kikiwa kimeziba mdomo wa bomba, la sivyo bafa na springi zitaruka usoni. Mimi nina kovu dogo chini ya jicho la kushoto, na wakati huo nilikuwa nimeshaifanya kazi hii miaka sita. Laza springi mezani bila kuibana na upime urefu. Ya karabini iwe kati ya inchi 10 na kidogo na 11 na robo. Kiwango cha chini cha jeshi ni inchi 10 na sehemu moja ya kumi na sita, sentimita 25.6. Ikiwa fupi kuliko hapo, itupe na uweke mpya, kisha urudi kwenye turubai. Nimeona "tatizo la bafa" likiisha kwa springi ya bei ya chakula cha mchana.

Watakwambia pia uweke springi yenye nguvu ya ziada badala ya bafa. Si kitu kimoja. Uzito unachelewesha kuondoka na unachelewesha kurudi. Springi kali inapinga wakati wa kurudi nyuma, halafu inakulipa nguvu hiyo yote wakati wa kwenda mbele, na bolti inafunga kwa kishindo. Kwa kilio chako cha pigo mbili, mimi nachagua uzito.

Sasa weka bafa yako isiyo na alama kwenye mizani ya jikoni, ile ya gramu. Mke wangu ananiambia hii ni sababu ya yeye kununua mizani ya pili. Ikisoma kama 85, ni ya kawaida na hadithi inaendelea. Ikisoma 105 au 130, mtengenezaji alishakuongezea uzito bila kukwambia, na maganda bado yanaruka mbele, basi acha kununua bafa na uende moja kwa moja kwenye tundu la gesi. Pima na ile mpya pia. Nimewahi kupima bafa iliyopigwa chapa ya H2 usoni, nikakuta ina uzito wa H. Chapa ni wino, mizani ni mizani.

Kubadilisha vipande ni kazi ya dakika kumi. Kisigino cha plastiki kimeshikwa na pini moja ya chuma inayopita ubavuni. Iegemeze bafa juu ya kipande cha mbao chenye tundu, gonga pini kwa msumari butu wenye upana wake, na kisigino kinavutika kwa mkono. Vipande vinateleza nje kimoja kimoja, na vibati vya mpira vikiwa kati yao. Vipange mezani kwa mpangilio uliovikuta na usipoteze kibati hata kimoja, maana bila vibati vipande vinagongana chuma kwa chuma. Tungsteni utaijua bila kuambiwa: kipande ni cha ukubwa ule ule lakini mkono unashtuka. Linganisha kipenyo na urefu wa vipande vya bafa zote mbili kabla ya kuchanganya. Rudisha, gonga pini hadi iwe sawa na uso wa alumini pande zote mbili. Pini iliyochomoza itakwangua bomba.

Anza na H, kipande kimoja tu cha tungsteni. Rudi kwenye turubai, risasi 20 za aina ile ile. Kisha H2, tena 20. Usibadilishe risasi, wala mafuta, wala magazini katikati ya zoezi. Badilisha jambo moja kwa wakati, vinginevyo hutajua ni nini kilichokuponya.

Ukifika pale maganda yanapoangukia kati ya 3 na 4, usishangilie bado. Mtihani wenyewe ndio unaanza. Chukua risasi dhaifu kuliko zote utakazowahi kutumia. Kwa kawaida ni .223 ya bei ya chini, kwa kuwa .223 hutengenezwa kwa shinikizo pungufu kuliko 5.56 ya NATO. Weka risasi moja tu kwenye magazini, piga, uone kama bolti inabaki wazi. Rudia mara kumi kwa kila magazini unayomiliki. Kisha rudia ukiwa umeishika bunduki kwa ulegevu, kitako hakijabanwa sana begani, kama atakavyoishika mtu aliyechoka. Kisha irudie ikiwa chafu, baada ya risasi mia mbili bila kusafishwa. Bafa unayoitaka ni nzito kuliko zote zilizofaulu yote hayo. Iliyofaulu kwa risasi nzuri siku ya jua ni mgeni tu, bado hujamjua.

Hili nimejifunza kwa aibu. Mimi naishi Oklahoma, na mwaka mmoja nilifunga H3 kwenye bunduki yangu mwezi wa saba. Risasi zilikuwa nzuri, za NATO, jua kali, mafuta mepesi. Ilipiga kama cherehani. Nikawaambia wateja watatu wafanye vilevile. Mwezi wa kwanza nikaenda nayo shambani kwa rafiki kuwinda nguruwe pori, asubuhi yenye barafu kwenye majani, na mfukoni nilikuwa na .223 za maganda ya chuma nilizookoteza kwa bei rahisi. Risasi ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Ya tatu ganda likasimama dirishani kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi, na nguruwe wakajiendea zao. Grisi ilikuwa imeganda, risasi zilikuwa dhaifu, na mzigo wangu ulikuwa mzito. Kila kimoja peke yake bunduki ingekivumilia. Niliwapigia simu wale wateja watatu kabla hawajanipigia wao. Houston yako haina baridi ya kutisha, lakini kama unafikiria kwenda Colorado mwezi wa kumi na moja, fanya jaribio moja asubuhi yenye baridi kabla ya safari.

Je, kama umefika H2 na maganda bado yako kwenye namba 1? Hapo ndipo watu wanapofunga H3 na kuongeza springi kali juu yake. Mimi ningesimama. Tatizo liko mbele ya bunduki, na dawa yake iko huko: bloku ya gesi inayorekebishika, yaani kile kipande kinachofunika tundu la gesi juu ya mtutu, ambayo unaikaza kwa skrubu hadi bolti ishindwe kubaki wazi, kisha unaifungua hatua moja au mbili. Ukipunguza gesi unapunguza joto, uchafu na kasi kwa pamoja, na ukucha wa bolti unaishi zaidi. Bafa inapunguza kasi tu, gesi yote chafu bado inaingia ndani. Kama utakuja kufunga kizuia sauti, hoja hii ina nguvu zaidi, kwa sababu kizuia sauti kinarudisha gesi nyingi nyuma na uzito peke yake hauwezi kufuatana nayo. Kupima tundu lenyewe kunahitaji kuondoa bloku ya gesi na kujaribu mashina ya keekee nyembamba moja baada ya nyingine hadi upate linaloingia bila kuchezacheza. Kama hujawahi kuondoa bloku ya gesi, mpelekee fundi.

Mambo mawili ya hatari, haraka haraka. Bafa hizi ni za bomba fupi la karabini, lenye kina cha inchi 7 hivi. Kama kitako chako kingekuwa kile kirefu kisichorekebishika cha bunduki kubwa, bafa ya karabini ndani yake ingeacha kibebeo kirudi mbali mno na kuugonga mwili wa chini wa bunduki hadi uvunjike. Vivyo hivyo kuna mfumo wa kati unaoitwa A5, wenye bomba refu kidogo, springi ya bunduki ndefu na bafa zake za inchi 4. Ni mfumo mzuri, naupenda kuliko H3 yoyote, lakini bafa, springi na bomba vyake usivichanganye na vya karabini. La pili: usichukue ushauri huu ukaupeleka kwenye karabini ya milimita 9. Zile nyingi hazina bolti ya kujifunga. Uzito wa kibebeo na bafa ndio unaoshikilia ganda ndani ya chemba hadi shinikizo lishuke, kwa hiyo kupunguza uzito pale kunaweza kukulipukia karibu na uso.

Kuhusu bega. Karabini ya 5.56 inasukuma kwa nguvu ndogo sana, chini ya robo ya ile ya bunduki ya kuwindia ya .30-06. Pigo la pili tutaliondoa kwa uzito, lakini kama bega linauma hadi kesho yake, angalia mahali unapoweka kitako. Vijana wengi wa kwetu waliojifunza kwa kutazama video hukiweka kwenye mfupa wa nje wa bega, kiwiko kimeinuliwa kama bawa la kuku. Kisogeze ndani, karibu na shingo, teremsha kiwiko, fupisha kitako kwa tundu moja au mawili, egemea mbele. Kipande cha mpira cha kuvalisha kitako ni dola chache.

Ukishafunga bafa ya mwisho, kabla ya kufunga bunduki angalia kile kipini kwenye mdomo wa bomba. Bunduki ikiwa imefungwa, kibebeo kinapaswa kuwa ndicho kinachoisukuma bafa nyuma kidogo, isikiguse kipini. Ikikigonga kila risasi, kipini kitakatika na vipande vitaingia kwenye kifyatulio. Andika uzito uliosoma kwa kalamu ya rangi usoni mwa bafa, maana baada ya miezi sita utasahau ulichanganya nini.

Kisha niandikie maganda mangapi kati ya 20 yaliangukia namba gani, kwa kila bafa, na mizani ilisoma gramu ngapi. Picha ya bunduki sihitaji. Nitumie picha ya turubai.